Likizo ya Gari Barani Ulaya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Saini

Kusafiri kwa gari barani Ulaya kuna raha ambayo ndege na treni haziwezi kuitoa. Mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi nchini Ujerumani, akala chakula cha mchana Austria na akalala Slovenia, bila ya kubadilisha fedha. Anasimama anapotaka, anapita vijiji ambavyo havimo katika matangazo ya utalii, na watoto wanaiona milima kwa karibu. Si ajabu kwamba walaji wengi wanaokwenda kuwatembelea ndugu huko, au wanaoadhimisha jambo muhimu katika maisha yao, huamua kukodi gari.

Hata hivyo, likizo ya namna hii ina sifa moja inayoitofautisha na manunuzi mengine: sehemu ya gharama zake hujitokeza baada ya safari kwisha. Faini ya kuingia katika mtaa uliokatazwa, malipo ya mkwaruzo ambao hukuuona, tozo ya barabara uliyodhani haina malipo; yote haya yanaweza kukufikia wiki au miezi kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani, maelfu ya kilomita kutoka kaunta ulikotia saini. Wakati huo huwezi tena kulikagua gari wala kumtafuta mhudumu aliyekukabidhi funguo.

Kwa sababu hiyo, ulinzi mkubwa wa mlaji katika safari hii umo katika yale anayoyafanya kabla ya kuondoka na gari, kuliko katika malalamiko atakayoyaandika baadaye. Makala hii inaeleza mambo hayo kwa kufuata mpangilio wa safari yenyewe.

Mfano wa safari

Ili maelezo yawe bayana, tuchukue mfano wa familia ya watu wanne inayotoka Dar es Salaam kwenda München, kusini mwa Ujerumani, anakoishi ndugu yao. Wanakodi gari hapo na kufanya mzunguko wa siku 10: München hadi Salzburg nchini Austria, takriban kilomita 145, Salzburg hadi Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, takriban kilomita 280, Ljubljana hadi Venice nchini Italia kwa kupitia Trieste, takriban kilomita 250, kisha Verona, na kurudi München kwa kuvuka milima ya Alps katika njia ya Brenner na kupita Innsbruck. Mzunguko wote ni kama kilomita 1,200.

Nchi hizi nne zote zinatumia euro na zote zimo katika eneo la Schengen. Lakini kila moja ina utaratibu wake wa tozo za barabara na sheria zake za barabarani. Ndiyo maana mfano huu unafaa: ukiuelewa, utajua maswali ya kuuliza katika njia nyingine yoyote utakayoichagua.

Viza na leseni

Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote nne. Maombi hupelekwa katika ubalozi wa nchi ambako utakaa siku nyingi zaidi. Siku zikiwa sawa, hupelekwa kwa nchi utakayoingilia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Tangu Juni 2024 ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, na kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45. Utatakiwa pia kuwa na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Kumbuka kwamba bima hiyo inakuhusu wewe na afya yako. Haina uhusiano wowote na gari.

Ingawa ndani ya Schengen mipaka kwa kawaida haina ukaguzi, nchi kadhaa, zikiwemo Ujerumani, Austria na Italia, zimekuwa zikirejesha ukaguzi wa muda. Pasipoti ziwe karibu na mkono, si chini ya mabegi.

Kuhusu leseni, leseni yako ya nyumbani peke yake huenda isitoshe. Italia, kwa mfano, humtaka dereva mwenye leseni iliyotolewa nje ya Umoja wa Ulaya awe pia na kibali cha kimataifa cha kuendesha gari au tafsiri rasmi ya leseni yake. Kibali hicho kimetokana na mikataba ya Umoja wa Mataifa: ule wa Geneva wa mwaka 1949, ambao kibali chake hudumu mwaka mmoja, na ule wa Vienna wa mwaka 1968, ambao kibali chake hudumu muda usiozidi miaka 3. Si kila nchi hutambua aina zote mbili, hivyo uliza katika balozi husika. Kibali hakisimami peke yake. Ni lazima kiambatane na leseni halisi.

Tahadhari: zipo tovuti zinazouza vijitabu vinavyofanana na kibali hicho kwa bei kubwa na kuahidi kukituma kwa barua pepe ndani ya saa chache. Kibali halali hutolewa na mamlaka ya nchi iliyokupa leseni, au chama kilichoidhinishwa na mamlaka hiyo. Kijitabu kilichonunuliwa kwingineko ni karatasi tu, na polisi wa barabarani pamoja na kampuni ya bima watakichukulia hivyo.

Bei unayoiona na bei utakayolipa

Bei ya gari inayoonekana kwanza mtandaoni mara nyingi ni ya gari dogo lenye gia za mkono, kwa dereva mmoja, linalorudishwa mahali lilipochukuliwa. Kila unapogusa moja ya masharti hayo, bei hupanda. Yafuatayo huongeza gharama kwa kawaida: gari la otomatiki; dereva wa pili; dereva aliye chini ya miaka 25; kiti cha mtoto; kuchukua gari katika uwanja wa ndege; kulirudisha katika mji mwingine; na kuvuka mpaka.

Jambo hili la kuvuka mpaka lisipuuzwe. Kampuni nyingi huruhusu magari yao kwenda katika baadhi ya nchi tu, na nyingine hutaka zijulishwe kabla na zilipwe ada. Ukiingia katika nchi isiyoruhusiwa, bima inaweza kukosa nguvu, na hasara yote ikawa yako. Kabla ya kulipa, pata jibu la maandishi kwamba gari linaruhusiwa kuingia katika kila nchi iliyomo katika safari yako. Vivyo hivyo, asiyeandikwa katika mkataba asishike usukani hata kwa dakika tano, awe ni mwenzi wako, shemeji au mwenyeji wako.

Tazama pia ni nani hasa unayempa fedha. Tovuti nyingi za kukodi magari ni za madalali. Mkataba wa gari utatia saini na kampuni nyingine utakapofika. Masharti ya dalali na ya kampuni ya gari yanaweza kutofautiana. Soma yote mawili, hasa kifungu cha kadi na kifungu cha kufuta nafasi.

Walaji wengi wamesikia kwamba barani Ulaya anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia na kurudishiwa fedha zake. Haki hiyo ipo, lakini haihusu gari lililokodiwa kwa tarehe maalumu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo mwaka 2005, na sheria ya Umoja huo ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji inasema hivyo waziwazi. Kwa hiyo kama viza bado haijatoka, usichague bei nafuu isiyoweza kufutwa. Tofauti ya euro chache haifidii hasara ya kupoteza malipo yote.

Kadi na fedha zitakazozuiwa

Hili ndilo jambo linalowaumiza zaidi wasafiri kutoka kwetu, kwa sababu wengi wana kadi za kawaida za benki na si kadi za mkopo.

Kampuni ya gari inapokukabidhi funguo huzuia kiasi fulani katika kadi yako kama amana. Fedha hizo hazijachukuliwa, lakini huwezi kuzitumia mpaka ziachiliwe, na kuachiliwa kwaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki baada ya kurudisha gari. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Kadi ya kawaida ya benki au kadi ya kujazia fedha inaweza kukataliwa kabisa, au ikakubaliwa kwa sharti la kununua bima kubwa zaidi hapo kaunta.

Tuirudie familia yetu. Tuseme amana ni euro 1,500 na kadi ya baba ina euro 1,600. Akipewa gari, atabakiwa na euro 100 za kulipia hoteli, mafuta na chakula kwa siku 10. Na kama kadi ni ya mama ilhali dereva aliyeandikwa ni baba, gari linaweza kukataliwa palepale, na malipo yaliyofanywa kabla yasirudishwe. Familia iliyoweka akiba kwa miaka inaweza kujikuta imesimama na mabegi katika uwanja wa ndege, imelipia gari ambalo haitaliendesha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia gari, uliza mambo matatu na uyapate kwa maandishi: aina ya kadi inayokubalika, jina linalotakiwa kuwa juu yake, na kiasi kitakachozuiwa. Kisha zungumza na benki yako kuhusu kikomo cha kadi, na uijulishe nchi utakazopita ili malipo yasizuiwe. Mashine ya malipo ikikuuliza kama unataka kulipa kwa euro au kwa shilingi, chagua euro. Ukichagua shilingi, aliye upande wa pili ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha fedha, na mara nyingi si kwa faida yako.

Bima: inalipa nini na haina nini

Gari lolote linalokodishwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima liwe na bima ya madhara kwa watu wengine. Ukimgonga mtu au gari lake, bima hiyo ndiyo inayohusika. Swali ni gari ulilokodi likiharibika.

Kwa kawaida mkataba huwa na kinga ya uharibifu na ya wizi, lakini kinga hiyo huacha kiasi ambacho mteja hukibeba mwenyewe. Kama kiasi hicho ni euro 1,200 na uharibifu ni wa euro 900, basi euro 900 zote ni zako. Mara nyingi vilevile kinga ya kawaida haihusu tairi, vioo, paa, sehemu ya chini ya gari, funguo zilizopotea na kujaza mafuta yasiyo sahihi. Hivyo ndivyo hasa vitu vinavyopata madhara katika safari ndefu ya milimani.

Kuna njia mbili za kupunguza kiasi hicho. Ya kwanza ni kununua kinga kamili kwa kampuni ya gari yenyewe. Ni ghali, lakini kampuni haitakudai, na amana mara nyingi hupungua. Ya pili ni kununua bima ya nje, pengine kwa yule dalali wa mtandaoni. Ni nafuu, lakini gari likiharibika kampuni hukata fedha katika kadi yako kwanza, kisha wewe ndiye unayeidai bima hiyo kwa kupeleka hati. Amana haipungui. Njia zote mbili ni halali. Kosa ni kununua ya pili ukidhani ni ya kwanza, kisha ukauziwa ya kwanza kaunta na kulipa mara mbili.

Mwaka 2019, baada ya mazungumzo na Tume ya Ulaya na mamlaka za kulinda walaji, kampuni tano kubwa za kukodisha magari zilijifunga kuonyesha bei kwa uwazi zaidi na kueleza kinga zao vizuri. Una haki ya kuambiwa, kabla ya kutia saini, bei yote ni kiasi gani na nini hakimo. Mhudumu akisema jambo lisilolingana na maandishi, maandishi ndiyo yatakayotumika.

Dakika ishirini za kukagua gari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ukodishaji wa gari, daftari lako ni picha.

Utakapokabidhiwa gari, usilipakie mizigo kwanza. Lizunguke polepole ukirekodi video, kisha piga picha za karibu: pande zote nne, bampa, rimu za magurudumu, kioo cha mbele, paa, viti, na dashibodi inayoonyesha kilomita na kiasi cha mafuta. Linganisha na karatasi ya hali ya gari uliyopewa. Mkwaruzo wowote usioandikwa humo, rudi kaunta uandikwe na karatasi itiwe saini upya. Ikiwa ni usiku au gari limeloa mvua, lisogeze penye mwanga. Usione haya wala usikubali kuharakishwa. Foleni iliyo nyuma yako haitakulipia bampa.

Hakikisha pia kuna pembetatu ya tahadhari, fulana ya kuakisi mwanga na kisanduku cha huduma ya kwanza. Ukisafiri majira ya baridi, uliza kuhusu tairi za theluji: Austria inazitaka kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara inapokuwa na theluji au barafu, na zipo barabara za Italia zinazodai tairi hizo au minyororo katika kipindi kama hicho.

Tozo za barabara: nchi nne, taratibu tatu

Ujerumani haitozi magari madogo kwa kutumia barabara zake kuu. Ukivuka mpaka tu, mambo hubadilika.

Austria na Slovenia hutumia kibali cha muda kiitwacho "vignette". Unalipia siku, si kilomita. Slovenia inacho cha kielektroniki pekee tangu mwaka 2022. Austria imekuwa na cha stika na cha kielektroniki. Kibali cha kielektroniki hufungamanishwa na namba ya gari, kwa hiyo kinunue baada ya kukabidhiwa gari na uisome namba mara mbili. Herufi moja ikikosewa ni sawa na kutolipa. Gari la kukodi la München kwa kawaida halina kibali cha nchi hizi. Jukumu ni la dereva. Nunua katika tovuti rasmi za mashirika ya barabara, yaani ASFINAG kwa Austria na DARS kwa Slovenia, au katika vituo vya mafuta karibu na mpaka. Zipo tovuti nyingine zinazouza kibali kilekile kwa kuongeza ada yao. Tazama pia tarehe ya kuanza kutumika kabla ya kulipa.

Hata ukiwa na kibali, njia chache za Austria zina tozo ya ziada kwa sababu ya gharama za mahandaki na madaraja. Katika safari yetu njia hizo ni tatu: mahandaki ya Tauern na Katschberg baada ya Salzburg, handaki la Karawanken linalovuka kwenda Slovenia, na barabara ya Brenner wakati wa kurudi.

Italia hutoza kwa umbali. Unachukua tiketi unapoingia barabara kuu na kulipa unapotoka. Ihifadhi tiketi hiyo, kwani ukiipoteza unaweza kutozwa kana kwamba umetoka mwisho wa barabara. Njia za manjano zilizoandikwa Telepass ni za wenye kifaa maalumu tu. Pita penye alama ya fedha taslimu au kadi. Kama umeingia njia isiyo yako, usirudi nyuma kamwe. Bonyeza kitufe cha msaada.

Mitaa iliyofungwa kwa magari nchini Italia

Faini nyingi zinazowafuata wageni nyumbani hutoka hapa. Miji mingi ya Italia, ikiwemo Verona, Florence, Pisa na Roma, imeyafunga maeneo yake ya kale kwa magari yasiyo na kibali. Eneo hilo huitwa "zona traffico limitato", kwa kifupi ZTL. Hakuna kizuizi wala askari. Kuna kibao cheupe chenye duara jekundu, na kamera inayosoma namba ya gari. Ubao wa taa ukisema "varco attivo", usidhani kwamba njia imefunguliwa. Maana yake ni kwamba kamera inafanya kazi na kuingia ni marufuku.

Ukipita, mamlaka ya mji huiuliza kampuni ya gari ni nani aliyekuwa dereva. Kampuni hutoa jina lako na kukata ada katika kadi yako kwa kazi hiyo tu; faini yenyewe huja baadaye kwa posta. Kwa mkazi wa nje, sheria ya Italia inaruhusu faini itumwe ndani ya siku 360. Ukipita mara tatu kwa kupotea njia, hizo ni faini tatu na ada tatu. Faini ikikufikia nawe unakubali kosa, ulipaji ndani ya siku 5 kwa makosa mengi hupunguza faini kwa asilimia 30.

Kinga ni rahisi. Egesha nje ya mji wa kale na uingie kwa miguu au basi. Kama hoteli yako imo ndani, iandikie kabla na uulize kama inaweza kusajili namba ya gari. Katika maegesho ya mitaani, mistari ya bluu ni ya kulipia, myeupe kwa kawaida haina malipo, na ya manjano imetengwa kwa watu maalumu.

Usukani upande mwingine

Katika nchi hizi zote magari hupita kulia. Kipilefti, licha ya jina lake, huzungukwa kwa kuelekea kulia, na unawapisha walio ndani isipokuwa alama zikielekeza vingine. Hatari kubwa haiko mjini kwenye magari mengi. Iko asubuhi unapotoka peke yako katika kituo cha mafuta au hoteli ya kijijini, ambapo mazoea hukurudisha kushoto. Anayekaa pembeni yako apewe kazi ya kusema "kulia" kila mnapoanza safari. Kama hujawahi kubadili gia kwa mkono wa kulia, kulipia gari la otomatiki si anasa.

Katika barabara kuu za Austria, Slovenia na Italia kikomo cha jumla ni kilomita 130 kwa saa, na Italia hushuka hadi 110 mvua inaponyesha. Ujerumani ina sehemu zisizo na kikomo, lakini 130 ndiyo kasi inayopendekezwa. Mjini ni 50 isipokuwa kibao kiseme vingine. Foleni ikitokea katika barabara kuu za Ujerumani na Austria, magari ya njia ya kushoto kabisa husogea kushoto na mengine yote kulia ili kuacha upenyo wa magari ya dharura. Fanya hivyo hata kama huoni gari la wagonjwa. Namba ya dharura kote ni 112, na haina malipo.

Katika mafuta, neno moja huwapoteza wengi: "gasolio" la Italia ni dizeli, si petroli. Petroli ni "benzina", na kwa Kijerumani "Benzin". Tangu mwaka 2018 pampu zina alama za pamoja: duara ni petroli, mraba ni dizeli. Linganisha alama ya pampu na ile iliyo ndani ya kifuniko cha tangi.

Kuifurahia safari

Mlaji aliyelipia gari kwa siku 10 hushawishika kuona nchi kumi. Matokeo yake huwa ni kuona barabara. Panga saa tatu au nne za kuendesha kwa siku, na siku nyingine usiwashe gari kabisa. Jumamosi za Julai na Agosti njia za Alps hujaa foleni. Ukiweza, vuka katikati ya wiki.

Kati ya Salzburg na Ljubljana, simama Bled, ziwa lenye kisiwa kidogo na kanisa katikati yake. Ljubljana yenyewe ilianza kufunga kitovu chake kwa magari mwaka 2007, na leo ni mahali pa kutembea na watoto kando ya mto bila hofu. Kati ya hapo na Trieste kuna pango la Postojna, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 24, ambalo wageni huingizwa kwa treni ndogo. Joto lake ni la nyuzi 10 hivi mwaka mzima, chukueni masweta.

Venice haina barabara za magari. Gari huishia Piazzale Roma au Tronchetto, ambako maegesho ni ghali. Wengi huliacha Mestre na kuvuka kwa treni kwa dakika chache. Tangu mwaka 2024 mji huo umekuwa ukitoza ada ya kuingia kwa wageni wa kutwa katika siku maalumu. Anayelala ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, husamehewa, lakini anapaswa kujisajili. Verona ina uwanja wa maonyesho wa Warumi uliojengwa karne ya kwanza na unaotumika mpaka leo. Siku za Jumapili maduka mengi ya Ujerumani na Austria hufungwa, basi nunueni mahitaji Jumamosi.

Kurudisha gari na kinachofuata

Jaza mafuta kama mkataba unavyosema na utunze risiti. Rudisha gari wakati ofisi iko wazi, likaguliwe ukiwepo, na uombe karatasi inayosema kwamba limepokelewa bila uharibifu mpya. Ukilazimika kuacha funguo kisandukuni, piga tena picha na video zote zile za mwanzo. Gari likiharibika baada ya hapo, hizo ndizo zitakazokutetea.

Hati na picha zote zitunze kwa mwaka mzima, na taarifa za kadi zisome kila mwezi. Ukikatwa fedha usizozielewa, iandikie kampuni mara moja, ukidai picha za uharibifu na hesabu ya matengenezo. Ukikosa jibu la maana, ijulishe benki yako mapema na upinge malipo hayo, kwani muda wa kupinga una kikomo. Walaji wanaoishi katika nchi za Umoja wa Ulaya, Norway au Iceland wanaweza pia kusaidiwa bila malipo na mtandao wa vituo vya walaji vya Ulaya, ECC-Net. Mgeni anayetoka nje ya nchi hizo hahudumiwi na mtandao huo, na mamlaka ya nyumbani haina nguvu ya kisheria juu ya kampuni iliyoko München. Hii ni sababu nyingine ya kutegemea ushahidi wako mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, hakikisha umejibu maswali haya

1. Je, nina leseni halisi na kibali cha kimataifa kilichotolewa na mamlaka halali?
2. Je, kadi yangu ni ya aina inayokubalika, ina jina la dereva mkuu, na itabaki na fedha za kutosha baada ya amana kuzuiwa?
3. Je, nchi zote za safari zimeruhusiwa kwa maandishi, na madereva wote wameandikwa?
4. Je, najua kiasi nitakachobeba mwenyewe gari likiharibika, na vitu ambavyo bima haivihusu?
5. Je, nina picha na video za gari, zenye tarehe, kabla ya kuondoka nalo?
6. Je, najua namna ya kulipa tozo katika kila nchi, na mahali pa kuegesha katika kila mji?

Mlaji mwenye jibu la "ndiyo" kwa maswali yote sita anaweza kuwasha injini kwa utulivu, na akitazama milima ya Alps asiwe na hofu ya bahasha itakayomsubiri nyumbani.